Kipengele Namba 14

Tuseme ni Ijumaa, saa kumi na moja na nusu jioni, katika mji wowote wa wastani jimboni California. Makarani wanazima kompyuta, mlinzi anasubiri kufunga mlango, na kwenye tovuti ya jiji linapandishwa faili moja zito: ajenda ya kikao cha baraza cha Jumatatu, pamoja na makabrasha yake, mamia ya kurasa. Sheria ya jimbo inataka ajenda ya kikao cha kawaida ibandikwe hadharani angalau saa 72 kabla ya kikao kuanza. Kikao kinaanza Jumatatu saa kumi na mbili jioni. Hesabu saa 72 kurudi nyuma, unaangukia Ijumaa saa kumi na mbili jioni, watu wakiwa njiani kurudi nyumbani. Ofisa asiyependa maswali hana haja ya kuvunja sheria. Kalenda inamtosha.

Anayeketi na faili hilo wikiendi nzima ni mwandishi wa habari za serikali za mitaa. Haanzii juu. Juu kuna kiapo cha bendera, cheti cha pongezi kwa timu ya watoto iliyotwaa kombe na salamu za meya. Anashuka mpaka sehemu ambayo Wamarekani huiita kalenda ya ridhaa: rundo la mambo yanayodhaniwa hayana ubishi, yanayopitishwa yote kwa mpigo, kwa kura moja, bila mjadala, isipokuwa mtu aombe mojawapo litolewe lijadiliwe peke yake. Humo mna bili za kulipwa, gari jipya la zimamoto, muhtasari wa kikao kilichopita. Na humo, kwenye kipengele namba 14, kuna maneno makavu kama mkate wa juzi: marekebisho ya nne ya mkataba wa huduma za ushauri.

Ya nne? Basi yalikuwepo ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mwandishi anaanza kuchimbua ajenda za miaka iliyopita. Mkataba wa awali ulikuwa wa kiasi gani? Ulishindanishwa, au mshauri aliteuliwa tu? Je, kila nyongeza imekaa chini kidogo ya kile kiwango ambacho kingelazimisha kutangaza zabuni upya? Mara nyingi utafutaji wa namna hii huishia kwenye maelezo ya kawaida kabisa: vifaa vimepanda bei, mvua imechelewesha kazi. Mara chache hauishii hapo.

Msomaji aliyewahi kukaa kwenye kikao cha baraza la madiwani, iwe Morogoro au Nakuru, ataitambua hali hiyo hata bila kufika California. Kipaza sauti kinakwaruza, makabrasha yamefungwa kwa mkanda, na nyuma ya ukumbi kuna viti vya wananchi ambavyo, siku nyingi, havina wananchi. Kazi ya mwandishi huyu, ukiivua mapambo yote, ni kukaa kwenye kimojawapo cha viti hivyo. Swali kubwa la miaka 20 iliyopita nchini Marekani limekuwa nani amlipe akae.

Ukumbi wenyewe haukuwa wazi siku zote. Mwaka 1952 mwandishi wa gazeti la San Francisco Chronicle, Michael Harris, alichapisha mfululizo wa makala kumi kuhusu mabaraza na bodi za California zilizokuwa zikiamua mambo faraghani, kisha kuja hadharani kupiga kura ya maonyesho. Mwaka uliofuata mbunge wa jimbo, Ralph M. Brown, alipeleka muswada, na sheria inayobeba jina lake ikapita. Imeongezewa masharti mara kadhaa tangu wakati huo. Mlango anaoupitia mwandishi wa leo, basi, ulifunguliwa na mwandishi mwenzake.

Ila mlango ukiwa wazi, bado lazima awepo mtu wa kuingia.

Bell ni mji mdogo wa watu wa kipato cha chini, kilomita chache kutoka katikati ya Los Angeles, wenye wakazi wasiofika 40,000, wengi wao wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Mwaka 2005 uliitisha uchaguzi maalumu juu ya jambo lililosikika kama la wanasheria tu: mji kujipatia hati yake wenyewe ya uendeshaji. Waliopiga kura hawakufika 400. Hati hiyo iliwatoa madiwani kwenye ukomo wa posho uliowekwa na jimbo. Hakuna mwandishi aliyekuwa akihudhuria vikao vya Bell mwezi baada ya mwezi.

Miaka mitano ikapita. Mwaka 2010 Jeff Gottlieb na Ruben Vives wa Los Angeles Times walikuwa wakifuatilia matatizo ya mji jirani wa Maywood walipodokezwa waitupie jicho Bell. Wakaomba nyaraka za mishahara. Baada ya danadana wakaitwa kwenye chumba cha mikutano katika bustani ya Little Bear, wakawakuta maofisa wamejipanga mezani. Meneja wa jiji, Robert Rizzo, alikuwa akilipwa mshahara wa dola 787,637 kwa mwaka, karibu mara mbili ya mshahara wa rais wa Marekani. Mkuu wa polisi wa mji huo mdogo alikuwa akipokea dola 457,000, zaidi ya mwenzake wa Los Angeles nzima. Madiwani wanne kati ya watano, wenye kazi ya kukutana mara chache kwa mwezi, walikuwa wakitia kibindoni karibu dola 100,000 kila mmoja. Kwa kazi yao gazeti lilipewa Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata, na mwaka 2014 Rizzo alihukumiwa kifungo cha miaka 12.

Asiyekuwepo na lake halipo. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyevunja kabati wala kupenyeza waraka usiku. Waandishi walipouliza kwa maandishi na kung'ang'ania, karatasi zilitoka.

Los Angeles Times ni gazeti la kibiashara, na hata wakati lilipoifikia Bell lilikuwa tayari limepunguza waandishi wake kwa mamia. Halikuwa peke yake. Kwa takwimu za kituo cha utafiti cha Pew, waajiriwa wa vyumba vya habari vya magazeti ya Marekani walikuwa wapatao 71,000 mwaka 2008. Kufikia 2020 walibaki kama 31,000. Sababu inajulikana. Gazeti la mji lilikuwa likiishi kwa matangazo madogo madogo, ya chumba cha kupanga, gari kuukuu na nafasi ya kazi, pamoja na matangazo makubwa ya maduka. Yale madogo yalihamia kwenye intaneti, mengi yakiwa bure. Makubwa yakafuata huko huko, yakaishia Google na Facebook. Wa kwanza kupunguzwa mara nyingi alikuwa mtu ambaye habari zake hazisomwi na maelfu: yule wa vikao vya baraza.

Na cha kuripoti ni kingi mno. Marekani ina serikali za mitaa zaidi ya 90,000, ukijumlisha kaunti, miji, bodi za shule na mamlaka maalumu za kila aina, za maji, za makaburi, za zimamoto. Ipo hata mamlaka ya kudhibiti mbu, yenye bodi, bajeti na, sehemu nyingine, fungu lake katika kodi ya majengo. Mbu wenyewe hawajui wana serikali yao. Walipa kodi wengi nao hawajui.

Pengo hilo la waandishi lina bei, na kuna waliojaribu kuipima. Mwaka 2018 watafiti watatu wa vyuo vikuu vya Notre Dame na Illinois mjini Chicago, Pengjie Gao, Chang Lee na Dermot Murphy, walilinganisha maeneo yaliyopoteza magazeti yao na yale yaliyobaki nayo. Serikali za mitaa hukopa kwa kuuza hatifungani ili zijenge shule na mabomba ya maji. Watafiti waliona kwamba gazeti likifa, riba ya mikopo hiyo hupanda kwa pointi za asilimia kati ya 0.05 na 0.11. Inaonekana chembe. Kwenye mkopo wa dola milioni 100, asilimia 0.1 ni dola 100,000 kila mwaka, na anayezilipa ni mwenye nyumba na mpangaji wake. Mwenye fedha huongeza riba anapokopesha mahali ambapo hakuna anayetazama. Utafiti mwingine uliangalia vitongoji vya kaskazini mwa Kentucky baada ya gazeti la Cincinnati Post kufungwa siku ya mwisho ya mwaka 2007: wagombea wa udiwani walipungua, waliokuwa madarakani walizidi kushinda, wapiga kura nao wakapungua.

Jibu mojawapo lilianzia San Diego, na lilianza na mzee aliyefukuzwa kazi. Neil Morgan alikuwa ameandika safu za magazeti mjini humo kwa zaidi ya nusu karne alipoondolewa mwaka 2004. Akakutana na mfanyabiashara Buzz Woolley, na mwaka 2005 wakaanzisha Voice of San Diego, chombo kisicho na karatasi, kisicho na mtambo wa kuchapa, na kisicho na mwenye hisa anayesubiri gawio. Waandishi walikuwa wachache na wengi wao vijana. Jiji lilikuwa katikati ya kashfa ya mfuko wa pensheni wa watumishi wake, kwa hiyo habari hazikuwa za kutafuta kwa tochi. Mwaka 2008 chombo hicho kilifichua bonasi zilizofichwa katika shirika la umma la kuendeleza maeneo ya kusini-mashariki mwa jiji, na mkuu wa shirika hilo akapoteza kazi.

Hapa lazima kutenganisha mambo mawili, maana hata Marekani watu huyachanganya. Chombo kisicho cha faida hakiendeshwi na wanaojitolea. Mwandishi ana mshahara, bima ya afya na mhariri mkali. Tofauti ni kwamba ziada ikipatikana hairuhusiwi kwenda mfukoni mwa mtu. Inarudi kwenye kazi. Kisheria chombo hicho kinakaa kundi moja na makanisa na mashirika ya misaada, chini ya kifungu 501(c)(3) cha sheria ya kodi, na anayekichangia anaweza kupunguziwa kodi. Kuna sharti zito: ni marufuku kuunga mkono mgombea yeyote. Magazeti mengi ya Marekani yana desturi ya kuwaambia wasomaji nani wa kumpigia kura. Gazeti kongwe la Salt Lake Tribune, lilipogeuka kuwa lisilo la faida mwaka 2019, liliiacha desturi hiyo.

Fedha zinatoka wapi? Kwa wakfu wa familia tajiri, kwa msomaji anayetoa dola 10 kila mwezi, kwa tiketi za mdahalo wa wagombea, kwa wadhamini wa jarida la barua pepe. Mpango wa Report for America, ulioanzishwa 2017, huwapeleka waandishi kwenye vyumba vya habari vya maeneo yaliyosahaulika na kulipa sehemu ya mshahara, kisha chumba cha habari na wachangiaji wa mji husika humalizia. Taasisi inayoviunganisha vyombo hivi, Institute for Nonprofit News, ilianza 2009 na vyombo 27. Leo ina wanachama zaidi ya 400.

Mwandishi wa Afrika Mashariki akisikia orodha hiyo ya wafadhili atawaza jambo moja haraka: bahasha. Kwetu bahasha hukabidhiwa mlangoni baada ya semina, ina nauli, na kila mtu anajua nauli hiyo inakwenda wapi. Mfadhili wa Marekani hatoi bahasha, anatoa ruzuku ya miaka mitatu, lakini swali ni lile lile. Itakuwaje siku bilionea aliyelipia mshahara wako akiomba kibali cha kujenga maghorofa, na kibali hicho kiko kwenye kalenda ya ridhaa? Vyombo makini vimeweka uzio wa aina mbili. Wanachama wa Institute for Nonprofit News hutakiwa kutaja hadharani kila anayetoa dola 5,000 au zaidi kwa mwaka, na Texas Tribune, iliyoanza 2009, huandika chini ya habari yenyewe kwamba taasisi iliyotajwa hapo juu imewahi kuichangia. Uzio wa pili hauandikwi popote: mhariri anayekata simu ya mfadhili kwa adabu. Huo ndio unaovuja kwa urahisi zaidi.

Chicago imelijibu swali la viti vitupu kwa namna yake. Jiji hilo lina madiwani 50, na chini yao msururu wa kamati, tume na bodi usioweza kufuatwa na chumba kimoja cha habari. Novemba 2017 tajiri Joe Ricketts alizifunga tovuti za DNAinfo na Gothamist siku chache baada ya wafanyakazi wa New York kupiga kura ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Wahariri watatu wa Chicago waliobaki bila kazi wakawageukia wasomaji. Zaidi ya watu 3,000 walichanga dola 183,720 kupitia harambee ya mtandaoni, na katikati ya 2018 ikazaliwa Block Club Chicago, isiyo ya faida, yenye mwandishi anayepangiwa mitaa yake na kutakiwa kuijua kama mjumbe wa nyumba kumi.

City Bureau, iliyoanzishwa upande wa kusini wa jiji hilo mwaka 2015, ilikwenda mbali zaidi. Iliwauliza wakazi wenyewe: tukikulipa kwa saa, utakwenda kukaa kikaoni? Mpango wake wa Documenters huwafundisha watu wa kawaida, dereva, mwanafunzi, mstaafu, namna ya kusoma ajenda, kuandika walichoona na kutofautisha walichosikia na wanachokidhani. Maelezo yao yanawekwa hadharani. Faida ya kwanza ni ya kumbukumbu: bodi ambazo hazikuwa na hata ukurasa mmoja wa habari sasa zina rekodi. Faida ya pili huonekana kwenye sura za wajumbe. Mwenyekiti aliyezoea kufungua na kufunga kikao kwa dakika nane hujikuta anaeleza mambo, kwa sababu nyuma kuna mama mmoja mwenye daftari. Miji mingine, Detroit na Cleveland miongoni mwao, imeuchukua mpango huo.

Usidhani kazi za namna hii hubaki ndogo. Mwaka 2024 Sarah Conway wa City Bureau na Trina Reynolds-Tyler wa Invisible Institute, nayo isiyo ya faida, walishinda Tuzo ya Pulitzer ya habari za ndani kwa uchunguzi wa namna polisi wa Chicago wanavyoshughulikia watu waliopotea. Walipekua kumbukumbu za polisi za miaka 20 hivi. Watu weusi walikuwa kama theluthi mbili ya waliopotea; wasichana weusi wa umri wa miaka 10 hadi 20 walikuwa karibu asilimia 30, wakati ni asilimia 2 tu ya wakazi wa jiji.

Kumbukumbu hizo haziji zenyewe. Kuomba nyaraka ni ufundi, na anayeanza kazi hukosea pale pale: anaomba kila kitu. Akiandika "naomba barua pepe zote za meya", atajibiwa baada ya miezi, kwa bili ya kunakili na kurasa zilizopakwa wino mweusi. Mzoefu huomba barua pepe kati ya meya na kampuni fulani, za kuanzia tarehe 1 hadi 15 Machi, zenye maneno "kituo cha mabasi". California inaipa ofisi siku 10 kusema kama itatoa au haitoi. Kenya na Tanzania zilipitisha sheria zao za kupata taarifa mwaka mmoja, 2016; ya Kenya inatoa siku 21, ya Tanzania 30. Ofisa mjanja, pande zote za bahari, hujibu siku ya mwisho kwamba anaomba muda zaidi.

Na ukimuuliza mwandishi mzoefu nani mtu muhimu kuliko wote katika jengo la jiji, hatakutajia meya. Atakutajia karani wa baraza. Karani ndiye ajuaye mkataba gani umehifadhiwa kwenye jalada lipi, nani ameomba kipengele kihamishwe, na kwa nini ukurasa wa 212 umekaa kichwa chini. Mwandishi anayepita mapokezi bila kumsalimia karani ataisoma tovuti mpaka macho yaume.

Ushindi katika kazi hii, hata hivyo, mara nyingi huja umechelewa. Jengo refu la namba 101 Ash Street, katikati ya San Diego, ni mfano unaotia uchungu. Baraza la jiji lilipitisha mwaka 2016 mpango wa kulipanga kwa lengo la kulimiliki, na ikaonekana ni akiba kwa walipa kodi. Likahitaji ukarabati, ukarabati ukagusa asbesto. Wafanyakazi wa jiji walihamia Desemba 2019, na Januari 2020 wakatolewa. Kodi ya zaidi ya dola 500,000 kwa mwezi iliandamwa na maswali, na baadaye ikajulikana kwamba mshauri wa majengo ambaye viongozi walimdhania anajitolea alikuwa amelipwa dola milioni 9.4 na upande wa pili kwa mikataba miwili, wa jengo hilo na wa jingine. Voice of San Diego imekuwa miongoni mwa vyombo vilivyoifuatilia habari hiyo, hatua kwa hatua, kwa miaka. Lakini kura ya 2016 ilipigwa mchana kweupe, nyaraka zikiwa mezani. Hata mji wenye waandishi wazuri unaweza kupitwa, na wanaoifanya kazi hii hulikubali hilo kwa urahisi kuliko wasomaji wao.

Ipo hatari nyingine isiyopimika kwa dola. Jeff German wa Las Vegas Review-Journal, gazeti la kibiashara, alikuwa na umri wa miaka 69 na miongo minne ya kuandika kuhusu majambazi na wanasiasa. Mwaka 2022 aliandika kuhusu ofisi ndogo ya kaunti inayosimamia mali za marehemu wasio na warithi wa kuzisimamia, ofisi ambayo wapiga kura wengi hawakumbuki hata kama ni ya kuchaguliwa. Mkuu wa ofisi hiyo, Robert Telles, alishindwa uchaguzi wa awali Juni. Septemba 2, German aliuawa kwa kuchomwa kisu nje ya nyumba yake. Telles alipatikana na hatia ya mauaji hayo Agosti 2024.

Kuna swali jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha: habari hizi zinaandikwa kwa lugha ya nani? Portland, jimboni Maine, imepokea familia nyingi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na Angola, watu ambao kikao cha bodi ya shule au uamuzi wa jiji kuhusu makazi unawagusa siku hiyo hiyo. Tangu 2018 mji huo una Amjambo Africa, gazeti lisilo la faida linalogawiwa bure, lenye kurasa za Kiswahili kando ya Kifaransa, Kinyarwanda, Kisomali na Kireno. Mtu aliyefika akitokea Bukavu anaweza kusoma kuhusu shule ya mwanawe kwa lugha aliyoizoea sokoni. Katika majimbo mengi ya Marekani hana hiyo bahati.

Wala tusiseme mambo yameshatengemaa. Texas Tribune, ambayo wengine wote waliitazama kama kaka mkubwa, iliwapunguza wafanyakazi 11 Agosti 2023, mara ya kwanza katika historia yake. Houston Landing ilianza 2023 ikiwa na ahadi za zaidi ya dola milioni 20 na ikakusanya wafanyakazi zaidi ya 40. Mei 2025 ikafunga mlango. Wafadhili wakubwa hukaa miji mikubwa na hupenda kufadhili kile wanachokiona dirishani. Kaunti ya wakulima yenye watu 9,000 haina wakfu wala tajiri mstaafu mwenye hasira. Ina bodi ya maji tu, inayokutana kila Jumanne ya pili ya mwezi.

Turudi kwenye ule mji wetu wa kufikirika. Jumamosi asubuhi mwandishi amempigia diwani mmoja na kumuuliza swali moja tu: unajua marekebisho ya tatu yalikuwa ya kiasi gani? Diwani hakujua. Jumatatu jioni, baada ya kiapo cha bendera na picha ya watoto na kombe lao, mwenyekiti anauliza kama kuna anayetaka kutoa chochote kwenye kalenda ya ridhaa. Kunakuwa kimya. Kisha diwani yule anawasha kipaza sauti: kipengele namba 14.

Mkurugenzi wa kazi za umma hakujiandaa. Anafungua jalada, analifunga, anasema ataleta maelezo kamili. Mzee wa mtaani anatumia dakika zake tatu kulalamikia shimo la barabarani, jambo tofauti kabisa. Kwa kura tano dhidi ya sifuri kipengele kinaahirishwa kwa wiki mbili. Saa nne usiku mwandishi anatuma habari ya maneno 400 ambayo, kwa bahati nzuri, itafunguliwa na wasomaji mia kadhaa. Anamwuliza karani, anayekusanya vikombe vya karatasi, kama anaweza kuona mkataba wa awali. Karani anamwambia aje kesho, ajaze fomu. Mwandishi anafungua shajara na kuzungushia wino tarehe ambayo kipengele hicho kitarudi. Ajenda ya kikao hicho itatoka Ijumaa, jioni.